Mechi Arubaini na Tatu za Aflah

Aflah alipoambiwa kwamba klabu yao ya zamani ya kriketi itamtunuku mpigaji bora wa miaka ya mwanzo, hakuuliza sherehe lini. Aliuliza, "Saeed naye yumo?"

Angekosaje? Wote wawili walizaliwa Unguja, wakaja Maskati wangali vijana, wakaajiriwa kiwanda kimoja Rusayl, na kila Ijumaa wakacheza kwenye uwanja mmoja wa changarawe. Sasa wamepita sabini. Saeed ana nyumba kubwa Bawshar, na mpaka leo watu humwita Kepteni. Aflah anakaa Al Amerat, na akilisikia neno hilo hamu ya chakula humwisha.

Klabu ilimpa binti wa Aflah, Mazoon, mwalimu wa hesabu, madaftari ya mechi ajumlishe mikimbio, yaani alama za kila mpigaji. Alifanya kazi hiyo kwa baba yake, naye mzee hakubanduka mezani.

"Saeed ana mikimbio elfu mbili mia tisa na nne," Mazoon alisema mwishowe. "Wewe elfu mbili mia tatu na arubaini."

Aflah aliuliza, "Kwa mechi ngapi?"

"Yeye mia na ishirini na moja. Wewe sabini na nane."

"Gawa, mwanangu. Gawa!"

Akagawa. Saeed, ishirini na nne kila mechi. Aflah, thelathini kamili.

"Si nnakwambia! Yule kanizidi wingi tu. Zile arubaini na tatu aliponitoa kwenye timu, ningecheza mimi, angeonekana wapi?"

Nyumbani ilijulikana hivyo miaka yote: Saeed kupewa ukepteni tu, akamtupa mwenzake nje. Mazoon alifungua daftari akamsogezea. Orodha za timu Saeed aliziandika kwa mkono wake. Ijumaa baada ya Ijumaa jina la Aflah lilikuwa la kwanza, na ubavuni pake neno moja: hakuja.

"Baba, hukutolewa."

Aflah alilifunga daftari. "Ningekwendaje? Nikasimame pale yule anipange?" Kisha akasema, "Usiwaonyeshe."

"Mimi napeleka hesabu. Hayo mengine yako."

Klabu ilifuata jumla, tuzo ikawa ya Saeed. Siku ya sherehe, alipopewa kipaza sauti, alisema, "Mpigaji hasa alikuwa Aflah. Nilimwandika kila wiki, nikitumai atakuja." Watu wakapiga makofi. Aflah aliona heri angetukanwa, angepata la kujibu.

Baadaye Saeed akaja kukaa naye, sahani ya halwa mkononi. "Yakhe, kwani uliacha kuja kwa nini?"

Uongo wa homa na zamu za kiwandani ulikuwa tayari mdomoni. "Kijicho," Aflah alisema. "Walikupa wewe ukepteni, nami nikaona ni wangu."

"Na sasa?"

"Sasa vilevile."

Saeed alicheka mpaka akafuta macho. Aflah hakucheka, ila halwa aliila.

Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe, Mahfoudha, kwamba Saeed hakumtoa kwenye timu, alijitoa mwenyewe.

"Nnajua," Mahfoudha alisema, akiendelea kukunja nguo. "Nani aliyekuwa akishinda na wewe ndani Ijumaa nzima, umenuna?"