Ganzi ya Kidogo Kidogo

Nilizaliwa na tundu moyoni, kati ya vyumba viwili vya juu, na miaka yote niliyofundisha bayolojia hapa Embu nilichora moyo ubaoni bila kutazama kitabu. Kwa hiyo daktari wa usingizi alipotaka tuzungumze kabla sijajifungua kwa upasuaji, nilimwambia mume wangu asubiri nje. Hayo mambo ya kitaalamu ningemfafanulia baadaye.

Daktari, mwanamke mpole wa rika langu, alieleza vizuri. Hangenilaza usingizi. Angepitisha mrija mwembamba mgongoni na kutia ganzi kidogo kidogo, maana ikiingia yote kwa mpigo presha ingeshuka ghafla na moyo wangu ungeshindwa kuhimili. Nilitikisa kichwa kukubali, kama mkaguzi wa shule.

Nilipotoka, mume wangu akauliza, "Amesema nini?"

"Amesema polepole."

"Ni hayo tu?"

Ni hayo tu niliyokumbuka. Ikabidi aingie kuuliza mwenyewe.

Siku ya upasuaji ganzi ilipanda taratibu hadi kifuani. Mdomo ndio uliokataa kufa ganzi. Nilishaambiwa kwamba hewa ya dripu ingeweza kupenya kwenye tundu langu ikaenda ubongoni, basi nikaukodolea macho ule mrija.

"Daktari, naona kiputo."

"Hicho kiko kwenye chupa, mwalimu. Mrijani nimeshaondoa vyote."

"Na kile?"

"Hiyo ni taa."

Hakucheka. Aliniuliza tu kama napumua vizuri. Nikamjibu kwa kumfundisha mzunguko wa damu, na nilipofika kwenye mapafu nikasahau inaelekea wapi.

"Endelea," akasema, macho yake kwenye mashine. "Ukiongea najua unapumua."

Nilikuwa nimeandaa sala ya kusema mtoto akilia. Alipolia nikauliza, "Huyo ni wa nani?"

"Ni wako."

Wakamlaza shavuni mwangu, na sala yote ikanitoka akilini.

Nilibaki chini ya uangalizi siku kadhaa, kwa kuwa moyo kama wangu huweza kuelemewa hata baada ya kujifungua. Mama akaja kutoka Kanyakine na chupa ya ucuru, uji wetu wa wimbi. Kabla hata ya kunisalimia alimchukua mjukuu wake, akaweka sikio kifuani pake.

"Madaktari wameshampima, mama."

"Niache nisikie. Wewe nilikusikiliza hivi hivi ukiwa mchanga, nikiogopa kusinzia."

Nikanywa ucuru ukiwa bado moto.