Sarafu kwenye Mkia wa Ndege

Pale karakanani walimwita Sikio, na jina hilo alilipata kwa jasho. Ndege za siku hizi si bati tupu. Mbawa na mikia yake ni nyuzi zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi ngumu. Zikiachwa nje miaka mingi, jua huichosha ile gundi, mvua ikapenya, tabaka zikaachana kimyakimya huku juu pakionekana pazima. Hapo ndipo Sikio alipopatia riziki yake. Aligonga kwa sarafu: pazima palilia kwa sauti kali, palipoachana palitoa sauti nzito, kama kugonga boksi la karatasi.

Asubuhi hiyo aliletewa ndege iliyosimama uani miaka sita bila hata turubai. Wenyewe walikuwa wameipaka rangi mpya, iking'aa kama sufuria ya dukani, jicho lisingeona kitu. Akapanda ngazi, akaanza na mkia. Pazima. Akasogea. Pazima. Alimaliza upande mzima bila kupata hata doa, na badala ya kufurahi akatokwa na jasho jembamba. Mkia uliochapwa na jua miaka sita hauwi mzima kiasi hicho, hata kidogo.

Alikuwa akijua, ila alijifanya hajui. Maisha ya kusimama karibu na injini hayakupita bure. Nyumbani redio yake ilisikika mpaka kwa jirani, na mkewe aliacha kumwita kutoka jikoni. Alimfuata hadi mbele yake ndipo aseme.

"Baba watoto, nenda hospitali kabla hujaua mtu," alimwambia juzi.

"Masikio haya ndiyo yanayokulisha, mama," alijibu, wakacheka, yeye kwa kujilazimisha.

Alishuka, akaenda ukutani kulikoning'inia kipande cha kufundishia. Kila fundi wa pale alijifunzia hapo. Katikati kimeachana, na hata mgeni wa siku ya kwanza husikia tofauti. Akagonga ukingoni. Akagonga katikati. Akagonga tena kwa nguvu, mpaka sarafu ikamponyoka. Sauti ilikuwa ileile. Akaegemea ukuta. Mungu wangu, nimepitisha ndege ngapi hivi?

Angeweza kunyamaza. Saini moja tu, na siku ingeisha. Fundi asiyesikia ataajiriwa na nani, tena kwa umri ule?

Mkuu wa karakana akaja na rubani. Mkuu alisimama mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake na midomo haisomeki, akasema kitu, kisha akangoja. Kila aliposemeshwa hivyo, Sikio alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuomba Mungu iwe sawa. Mara hii shingo iligoma. Rubani, kijana mpole, alikuwa ameshaweka kiganja kwenye ile rangi mpya.

"Mkuu, sijasikia ulichosema," Sikio alisema. "Na mkia huu nao sijausikia. Siku hizi sisikii. Zile zote nilizopitisha mwaka huu, zisiruke."

Rubani ndiye aliyemgeukia, uso ukiwa umesawijika, na midomo yake Sikio aliisoma bila shida.

"Na ile iliyoondoka asubuhi hii?"