Kifua cha Mwende

Chumba chetu katika mtaa wa Baba Dogo kilinukia mbao mbichi ya mjakaranda, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na mafuta ya taa. Baba alikuwa mchonga vinyago. Miezi mingi alifanyia kazi uani, lakini Julai, baridi na manyunyu vilipokaza, aliwaingiza twiga wake wa mbao ndani na kuwapiga msasa karibu na kitanda chetu. Vumbi lake lilikuwa laini kama unga. Lilitanda juu ya blanketi, vikombe na nywele za mdogo wangu Mwende, aliyekuwa na miaka tisa. Kifua chake kilipoanza kulia kama filimbi, Mama aliziba dirisha kwa matambara akiamini ni baridi tu, kisha akawasha jiko la mafuta ya taa ili chumba kipate joto. Kadiri tulivyomkinga ndivyo alivyozidi kubanwa.

Asubuhi moja midomo yake ilibadilika rangi. Baba alimbeba mgongoni hadi zahanati, nami nikamfuata nikiwa nimeshika viatu vyake. Mwende alipovutishwa mvuke wa dawa na pumzi ikatulia, muuguzi aliitazama suruali ya Baba iliyojaa vumbi la mbao.

“Mzee, unafanya kazi gani?”

“Nachonga.”

“Unachongea wapi?”

“Nyumbani.”

Muuguzi alitueleza polepole kwamba hiyo ni pumu. Si kurogwa, wala haiambukizi. Wapo watoto wanaozaliwa na njia za hewa zinazochokozeka upesi. Vumbi, moshi na baridi huzifanya zivimbe na kubana. Alitupa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akasisitiza Mwende atembee nayo kila aendako.

Siku hiyohiyo Baba aligawa patasi zake zote, na wiki iliyofuata akaanza kupakia mizigo kiwandani. Mwende alipata nafuu, akarudi kuruka kamba na wenzake. Lakini majirani walimwambia Mama kwamba mtoto akiizoea dawa ile hataweza kuishi bila hiyo, naye akawa anaiweka kabatini. Julai iliyofuata Mwende alibanwa akiwa darasani. Mwalimu alimpa maji, akatuma mtu nyumbani. Mama alikimbia njia nzima na dawa mkononi. Alipofika, walikuwa wamemlaza juu ya madawati mawili na kumfunika kwa sweta, hadi usoni.

Leo binti yangu ana pumu pia. Dawa moja iko mkobani mwake, nyingine iko kwa mwalimu wake, na tunapika kwa gesi dirisha likiwa wazi. Anacheza mpira kama watoto wengine. Baba, ambaye sasa ni mzee, hupenda kuketi akimtazama. Nimemweleza mara nyingi kwamba vumbi peke yake halikumuua Mwende, kwamba kulikuwa na moshi, na kifua alichozaliwa nacho, na dawa iliyobaki nyumbani. Hunisikiliza mpaka mwisho.

“Lakini vumbi lilikuwa langu,” husema.