Saumu Yangu ya Uongo

Nikiwa kidato cha pili, hakukuwa na mwongo kunizidi Majengo nzima. Chanzo ni shangazi. Alinitazama harusini, mbele ya watu, akasema, "Gauni linalia kwa kukubana, mwanangu." Siku hiyo niliapa kupungua. Nyumbani nikamwambia mama kwamba shuleni tunakula hadi kuvimbiwa. Shuleni nikasema nimefunga, nalipa siku zangu za Ramadhani. Nani angenibishia? Darasa lilijaa Wakristo.

Kisha mwalimu wa ushauri akatuletea mradi wake: kila Jumanne tuzungumze kuhusu vijana wanaojinyima chakula. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono! Nilihubiri huku tumbo likinguruma, wenzangu wakapiga makofi, nikachaguliwa kiongozi. Jamani, si kipaji hicho?

Mwalimu akatupa kazi: wiki hiyo, kila mtu ale mlo mmoja na jirani yake wa dawati, na mwiko kutaja mwili wa mtu. Jirani yangu alikuwa Mkamba, binti wa mchonga vinyago, na githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, hakuifanyia mzaha. Aliniita tule Jumatano, nimefunga. Alhamisi, nimefunga.

"Aki wewe," akaguna, "Ramadhani yako ni ya mwaka mzima?"

Ijumaa jioni, adhana ya magharibi ikiita, mlango ukabishwa. Mama akafungua. Ni yule jirani yangu wa dawati, midomo imemkauka, mkononi ana mfuko wa mihogo na tende.

"Habari ya jioni, mama. Nimekuja tufuturu naye. Leo hata mimi nimefunga."

"Ufuturu na nani?" mama akashangaa. "Huyu? Huyu hushiba huko shuleni hata chakula changu hakitaki!"

Wakanigeukia wote wawili. Wallahi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilingoja rafiki yangu anifokee, na ilikuwa haki yake. Yeye akaketi mkekani, akaweka tende mbili sahanini.

"Sijatia hata maji mdomoni tangu alfajiri," akasema. "Kichwa kinanigonga. Lakini kazi tuliyopewa ni ya watu wawili. Usipokula, mimi pia sili."

Hakuwa akitania. Mihogo ilikuwa pale pale mbele yake, naye haigusi.

Nilichukua tende moja. Nikala. Akala. Ndipo nikamgeukia mama, nikamwambia neno ambalo sikuwa nimelisema tangu ile harusi.

"Mama, nina njaa."