Mlango wa Somo la Tatu

Wanafunzi walimwita Madam Dripu. Yeye alijua, na alijifanya hajui. Alifundisha wauguzi hesabu za dawa kwenye chuo chetu, na mimi nilikuwa fundi mitambo, yaani mtu wa kuitwa mbio kompyuta ikigoma na kusahaulika ikipona. Kwangu alikuwa dada, ingawa hatukuchangia hata babu.

Zamani alifundisha kama wengine: anasoma, wanaandika, kengele inalia, maswali yanabaki mdomoni. Siku moja alinijia amefura.

"Fundi, mimi nilisomea uuguzi au ukasuku? Kipindi kizima nawasomea maneno, na hakuna hata mmoja aliyeshika mrija wa dripu!"

Tukakubaliana awe anajirekodi nyumbani kwa simu. Kabla ya kipindi chake wanafunzi wanakuja kwenye chumba changu cha kompyuta, nawawekea sauti kwenye spika, wakiingia darasani maelezo wameshayasikia. Muda wote unaobaki ni wao. Alitundika chupa ya maji kwenye msumari ukutani, akawa anapita dawati hadi dawati, akimshika huyu mkono, akihesabu matone na yule. Wale wazito wa kuelewa, ambao walizoea kukaa nyuma wakiomba kengele ilie, ndio waliofaidi zaidi. Wivu wa walimu wenzake usiseme.

Somo la tatu ndilo la mirija. Ule mwembamba wa watoto, matone sitini ndiyo yanatimiza mililita moja. Ule wa watu wazima, ishirini. Siku anarekodi somo hilo upepo ulikuwa unampeperushia karatasi, na binti yake wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda, alikuwa anaingia na kutoka. Kwenye spika ulisikia kabisa: "Funga mlango, mwanangu." Mlango unalia, kisha sauti nyembamba ya mtoto aliyechoka kutumwa inaitika, "Haya, mama." Mama mtu alikuwa na haraka ya kumaliza, hakusubiri aitikiwe. Aliendelea papo hapo, sauti zao zikapandana, na hapo hapo akapishanisha: akasema mtoto ishirini, mtu mzima sitini.

Lilikuwa kosa la kufutwa kesho yake. Lakini kesho yake Kitinda aliamka na homa, na wiki haikuisha tukamzika.

Tangu hapo, kila mwaka, kipindi cha somo la tatu kilianza kwa chaki. "Pale nilipishanisha, rekebisheni," anasema, halafu anaeleza upya, halafu anaulizwa tena na wale waliochanganyikiwa. Muda aliouokoa kwa ajili yao ukawa unaliwa na kosa ambalo angeweza kulifuta kwa kidole kimoja. Sikumwambia aifute. Kila siku ya somo hilo nilikuwa namwona nje ya dirisha langu, ameegemea ukuta wa korido akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Na kulikuwa na jambo lingine. Spika ikisema "Funga mlango, mwanangu," mwanafunzi aliye karibu na mlango lazima ainuke. Hata mlango ukiwa umefungwa atainuka, atashika kitasa, atarudi kukaa ameduwaa, wenzake wakimcheka. Kisha ile sauti ya mtoto inaitika, na kicheko kinakatika. Mimi nywele zilinisimama kila mwaka, na sioni aibu kusema. Kuna aliyewahi kuniuliza, "Fundi, huyo mtoto ni nani?" Nilimfokea asikilize somo.

Ikatokea mwaka mmoja binti mmoja, tuliyemwita Mpole kwa tabia yake, akasikiliza kwangu lakini akaugua, darasani hakuingia. Chaki ikampita. Alipopelekwa wodini kwa mazoezi, alimfungulia mzee mmoja maji kwa hesabu aliyoisikia kwenye spika, yakawa yanakimbia mara tatu ya yanayotakiwa. Mzee akaanza kuhema kama aliyepandishwa mlima. Sista wa wodi aliwahi kufunga mrija, na mzee akapona. Alipoulizwa kajifunza wapi hesabu ile, Mpole alijibu bila ubishi, "Kwa Madam mwenyewe." Akakimbilia kwao kwa hofu, mitihani ikampita, ikawa arudie mwaka.

Madam alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa chuo kusema kosa ni lake. Akatoka huko, akaja kwangu, akaketi kwenye kiti cha wanafunzi.

"Wameniambia niifute, Fundi. Na wana haki."

"Nimejaribu kukata kile kipande tu, dada. Haikatiki. Sauti ya Kitinda imelalia juu ya kosa lenyewe. Nikitoa moja, na nyingine inakwenda."

"Najua. Nimeisikiliza kuliko wewe."

"Basi nikuwekee nakala kwenye flashi, uende nayo nyumbani."

Akatikisa kichwa. "Nyumbani itakuwa sauti ya marehemu, Fundi. Hapa bado anatumwa, na bado anaitika. Kila mwaka kuna watoto wa watu wanainuka kwa ajili yake." Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini yule mzee naye ni baba wa mtu. Na Mpole ana mama yake."

Nilisogeza kiti ili abonyeze kufuta mwenyewe. Alibonyeza, akaondoka bila kuaga, na mimi nililia kama mjinga mbele ya kioo kitupu cha kompyuta.

Baada ya siku chache aliniletea rekodi mpya. Sikuisikiliza, mwanamke yule akiamua kusahihisha jambo hahitaji wa kumkagua.

Mwaka uliofuata Mpole alirudi, akakaa karibu na mlango, ambao ulikuwa wazi. Nikaweka somo la tatu. Nikatupa jicho dirishani, nikamwona Madam koridoni na mkoba wake. Mazoea yana tabu.

Somo lilikwenda vizuri hadi pale pale. Spika ikasema, kwa sauti yake ya siku zote, "Funga mlango, mwanangu."

Kikafuata kimya. Si kimya cha mtambo kugoma, maana saa ya ukutani ya nyumbani kwake ilisikika ikigonga. Ni kimya cha mtu anayesubiri. Nje ya dirisha Madam alishika nondo kwa mikono miwili, mdomo wazi, na nikajua kwamba hakuwa na habari. Wakati wa kurekodi alikuwa amelisema peke yake ndani ya nyumba, na akangoja, na mwenyewe hakujisikia akisema.

Mpole aliinuka. Aliusukuma mlango taratibu hadi ukafunga, akaigeukia spika, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Haya, mama," akasema.

Spika ilingoja bado kidogo, kisha ikaendelea: "Mrija wa mtoto, matone sitini."