Nilipomkana Mama Uwanjani Rissne

Nakumbuka Jumamosi moja kule Rissne, kitongoji kimoja huko kwa Waswidi, mwanangu, mama yangu alipoingia uwanjani na mwavuli mkononi, refa akarusha hewani kile kitambaa cha njano cha kuonyesha kosa. Usicheke kwanza. Mwisho wake hauchekeshi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, na chuo chetu kilikuwa na timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambao mtu anakimbia na mpira kwapani na wengine wanamwangusha. Msimu ule tulikuwa tumefungwa kila mechi, na zilibaki mbili tu. Hata hivyo niliipenda ile timu kuliko chakula. Tangu tutoke Bujumbura, hapo ndipo watu waliponiita jina langu bila kuuliza linaandikwaje.

Mama nilimwambia nacheza mpira. Basi. Kwetu mpira ni mpira, naye akajua ni ule wa miguu. Siku hiyo alipomaliza zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akapanda treni kutoka Farsta, mtaa tuliokaa, akabadilisha katikati ya mji, akaja na bakuli la sambusa anione nikifunga goli. Alichokuta ni majitu manne yamenilalia. Akatupa bakuli, akaingia mbio.

"Mwacheni! Mtaniulia mtoto!" alipiga kelele, huku akilichapa jitu mojawapo mwavuli mgongoni.

Uwanja mzima ulicheka. Nahodha wetu akaniuliza kwa Kiswidi yule mama ni nani. Nami nikajibu, "Jag känner henne inte." Simjui.

Sisi watoto wa wahamiaji kule tuliamini wazazi wetu hawaelewi Kiswidi kikisemwa haraka. Mama alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Akashusha mwavuli, akamwinamia refa kuomba radhi, akatoka taratibu, akaanza kuokota sambusa zake kwenye majani.

Nyumbani hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alinikaribisha mezani kwa Kiswidi, "Var så god och sitt," karibu uketi, kile Kiswidi cha adabu alichofundishwa na vikongwe aliowaogesha. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Miaka yote mimi ndiye niliyemjibu kwa Kiswidi anaponisemesha Kiswahili, nikijiona mjanja. Sasa nilikuwa mgeni katika meza ya mama yangu. Siku ya nne nikamwuliza, kwa Kiswahili, kwa nini ananifanyia hivyo. Aliendelea kunipakia siagi kwenye mkate.

"Så talar man med folk man inte känner," akasema. Hivi ndivyo mtu anavyozungumza na watu asiowajua.

Niliumia, mwanangu. Nilijifungia bafuni nikalia, na umri wangu ule, ndevu zimeshaota.

Mechi ya mwisho nilimwomba aje. Akaja na kitenge chake cha kanisani, bila mwavuli. Nikamshika mkono, nikampeleka mbele ya timu nzima, nikasema kwa Kiswidi kwa sauti: huyu ni mama yangu, na Jumamosi ile nilisema uongo. Wale vijana wakubwa wakapanga foleni kumpa mkono. Alipomaliza kusalimiwa akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Funga kamba hizo," akaniambia kwa Kiswahili. "Usije ukaanguka."

Tulifungwa tena, vibaya sana. Sijawahi kufungwa nikafurahi kama siku ile.

Basi, mwanangu, wewe unayemjibu mama yako kwa lugha ya shuleni, sikugombezi. Mjibu kwa lugha inayokujia mdomoni. Lakini siku mzazi wako atakapokuaibisha mbele za watu kwa sababu ya kukupenda, sema ni wako, palepale, kabla kicheko hakijaisha. Na kama ulishamkana, usiende kumwomba radhi jikoni mkiwa wawili tu. Rudi kwa walewale waliosikia. Mama yangu sasa hayupo, na kila ninapoinama kufunga viatu humsikia.

Mungu akujalie mtu wa kukukimbilia uwanjani na mwavuli, na akupe ulimi wa kusema unamjua.