Mti wa Baba Haukuwa na Njaa

Baba alikuwa mtunza bustani ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, kwa watu waliopenda miti midogo ya kwenye sahani. Kwao alijifunza kukata mizizi na matawi mpaka mti uzeeke bila kurefuka. Tulipolazimika kuhama uwanda wa Ruzizi na kuja kupanga nyumba Uvira, alikata tawi la muvumu wa uani petu, mti wa jamii ya mtini ambao kwetu huzungushiwa kila boma, akalipanda katika beseni. Mama alimcheka. Baba akamjibu kwamba nyumba ni ya mwenye nyumba na ardhi pia ni yake, basi mti utangoja ndani ya beseni hadi mmoja wetu apate kiwanja.

Wazazi wote wawili walifariki kabla ya siku hiyo. Mimi ndiye mkubwa, wananiita yaya, kwa hiyo niliacha shule ya msingi na kuanza kuuza mihogo sokoni, ili mdogo wangu wa kiume na yule kitinda mimba wetu wa kike wasome. Mti nao ukawa juu yangu.

Kuulisha nilijifunza kwa kumtazama baba. Alinunua mavi ya ng'ombe yanayoshushwa kwa magunia kutoka milima ya Mulenge, akayaanika mpaka yasinuke tena. Kisha aliyaloweka, akayachuja kwa kitambaa, na kuyaongeza maji hadi yawe na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Kikombe kidogo kilitosha, tena wakati wa mvua tu, mti unapochipua. Kiangazi hakuupa kitu. Na mti uliotoka kukatwa mizizi hakuugusa kwa mbolea hata kidogo. Alisema mizizi iliyokatwa ni kama midomo yenye vidonda: unaipa maji safi na kuiacha.

Mwaka jana mdogo wangu wa kiume alipata kiwanja Luvungi, akaposa, akaanza kupanga matofali. Shangazi yetu, dada ya baba, alipiga simu kutoka huko uwandani.

"Tawi iko wapi?" aliuliza hata kabla ya salamu. "Muvulana hawezi kuingiza bibi mu nyumba yenye haina muvumu ya baba yake."

Nilimwambia tawi lipo. Nilikuwa nimeliacha tawi moja lirefuke bila kulipogoa, kwa ajili ya siku hiyo. Mvua za kwanza zilipoanza, niliona mizizi imejaa beseni lote. Niliutoa mti, nikapunguza mizizi kama baba alivyofanya, nikaurudisha kwenye udongo mpya. Kesho yake nikapanda pikipiki kwenda Luvungi kutafuta mihogo na kusaidia kwenye ujenzi.

Niliporudi baada ya wiki, harufu ya mavi ya kuku na samaki ilinipokea langoni. Mti ulikuwa umesimama bila jani hata moja. Udongo wake ulikuwa mweusi, unang'aa, na nzi wamejaa juu yake.

Kwenye ua wetu tunaishi wapangaji wengi, na tuna desturi yetu. Mtu akirudi kutoka hospitali, hasa aliyepasuliwa, kila mlango unamtolea sahani. Hawezi kukataa, asiyekula anaonekana anataka kufa. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameona majani machache yakigeuka manjano, jambo ambalo ni la kawaida baada ya kukata mizizi. Akawaambia majirani kwamba mti wa baba umepasuliwa na hauna nguvu. Basi kila mlango ulitoa sahani yake.

"Minye niliona iko na njaa, yaya," aliniambia, macho yamevimba.

"Nani alikupa mavi ya kuku?"

"Mama wa pale kona. Ilikuwa ya leo leo, haikukauka."

Jirani yetu muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mama mnene mwenye sauti ya soko, alitoka akijifuta mikono. "Na minye nilitoa maji ya kuosha ndagala. Mingi! Muntu akipasuliwa, munamuachaka bila kula?"

"Hii si muntu, mama."

"Kumbe! Kila asubuhi unaiongelesha, leo si muntu?"

Watu walicheka. Mdogo wetu wa mwisho naye alicheka kidogo huku analia, nami hasira ikaniishia hapo hapo. Wangekuwa wamemlisha mtu, ningewashukuru.

Lakini shangazi hakucheka. "Kama muti imekufa, harusi ingojee," alisema kwenye simu. "Minye siwezi kubariki ukuta yenye haina muti."

Niliung'oa mti, nikaondoa ule udongo wote, nikaisuuza mizizi kwa maji ya mvua tuliyokinga chini ya mabati. Mingine ilikuwa imeoza, inateleza vidoleni kama sombe ya majani ya mihogo iliyolala, nikaikata. Mizima niliifukia katika mchanga safi wa mtoni uliochanganywa na udongo kidogo, nikanyunyizia maji kidogo, nikaliweka beseni kivulini nyuma ya nyumba. Kisha nikatangaza kwamba hakuna atakayeupa kitu, hata maji, pasipo mimi.

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Tangu utotoni kazi yangu imekuwa kutafuta cha kuweka mbele ya hawa wawili. Wakiugua, napika uji. Wakikosa raha, napika bukari, ugali wa muhogo, na samaki. Sasa kiumbe cha baba kilikuwa mbele yangu kimenyauka, na dawa yake ilikuwa mimi kukaa mikono mitupu. Asubuhi nilikuwa nachovya kidole mchangani, naona bado una unyevu, naondoka. Muuza ndagala alikuwa ananitazama akitikisa kichwa.

"Una roho ngumu, weye."

"Baba alisema hivyo."

"Baba yako alisema uiue?"

Nilipangusa mchanga kidoleni, nikabeba mihogo kwenda sokoni bila kuwa na hakika. Mdogo wangu wa kiume alipiga simu kuuliza, nikamwambia bado haujachipua.

Jumapili moja, baada ya ibada, nilishindwa kuvumilia. Nilichuna ganda la shina kwa ukucha, padogo tu. Chini yake palikuwa kijani. Halafu tone la utomvu likatoka, jeupe, zito, likasimama pale kama maziwa ya mama. Nilipiga kelele, na ua mzima ukakimbilia nyuma ya nyumba wakidhani ni nyoka.

"Iko na maziwa!" mdogo wetu alisema. "Yaya, iko na maziwa!"

Nilikaa chini kwenye udongo na nguo zangu za kanisani. Nilikuwa nacheka bila kuweza kuacha.

Machipukizi yalifuata, kwanza shinani, halafu kwenye lile tawi refu. Ncha yake ilikuwa imekauka, lakini shibiri moja ya chini ilikuwa hai. Nililikata hapo, nikalifunga kwa kitambaa chenye maji na jani la mgomba, tukaenda Luvungi mimi na mdogo wetu kwenye pikipiki moja, yeye amelikumbatia.

Shangazi alilipokea, akaligeuza, akalichuna kwa ukucha wake mwenyewe. Alipoona utomvu alitulia. "Ni ya kaka yangu," alisema taratibu. Mdogo wangu wa kiume alichimba shimo mbele ya mlango, akalisimamisha tawi. Hapo shangazi akainua ndoo iliyokuwa nyuma yake. Ilikuwa imejaa mavi ya ng'ombe.

"Tumwange hii, ishike upesi."

"Hapana!" tulipiga kelele sote watatu, na mdogo wetu wa mwisho alitushinda kwa sauti. Alimnyang'anya shangazi ndoo, akaiweka mbali kabisa.

"Muko na wazimu ya muti," shangazi alisema, lakini alikuwa anacheka. Harusi ilifanyika kama ilivyopangwa.

Juzi mdogo wangu alipiga simu. Tawi limetoa jani, alisema, na mke wake anauliza walilishe nini.

"Maji," nilimwambia. "Yasizidi."

Nilipokata simu nililoweka mavi makavu ya Mulenge, kwa kuwa mti wa beseni sasa una majani mapya na mvua bado zinanyesha. Mdogo wetu alishika kitambaa, mimi nikamimina. Yalipofikia rangi ya chai nyepesi, alinitazama.

"Sasa iko na njaa?"

"Sasa, ndiyo," nilisema, nikampa kikombe.